Uandishi wa programu wa kujihami

Uandishi wa programu wa kujihami ni desturi ya kuandika msimbo wa kompyuta kwa kutarajia kwamba mambo yasiyotarajiwa yatatokea. Mtumiaji ataandika herufi mahali pa namba, mtandao utakatika katikati ya malipo, faili litakutwa tupu, au hesabu itakua mpaka ipite nafasi iliyotengewa. Lengo lake si kupata programu isiyokosea kamwe, maana hiyo haipo. Lengo ni kwamba jambo geni linapofika, programu ilitambue mapema, isiharibu data iliyokwisha kuhifadhiwa, na ieleze wazi kilichotokea.

Katika Afrika Mashariki mfano uliowagusa watu wengi zaidi ni ule wa mita za umeme wa kulipia kabla, ambazo zililazimika kubadilishiwa mpangilio kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mfano huo umeelezwa kwa kirefu hapa chini kwa sababu unaonyesha pande zote mbili za kujihami: kinga inayomzuia mdanganyifu, na kinga hiyohiyo inavyoweza kumfungia nje mtu mwaminifu.

== Maana ==

Neno "kujihami" limechukuliwa kutoka kwenye mfano wa dereva. Dereva anayejihami hasubiri kuona kama lori lililo mbele litawasha taa ya kugeuka. Anaendesha kana kwamba huenda lisiwashe. Vivyo hivyo mtunzi wa programu hachukulii kwamba data itakayomfikia ni safi kwa sababu tu fomu iliandikwa "jaza namba". Vitabu vya ufundi wa programu vimekuwa vikilisema jambo hili tangu miaka ya 1970, na Steve McConnell alilipa sura nzima katika toleo la pili, la mwaka 2004, la kitabu chake *Code Complete*.

Ni vizuri kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Kosa la kwanza hutoka nje ya programu: mtu amekosea kuandika, faili halipo, mtandao umekatika. Hilo ni jambo la kawaida na programu lazima iwe na jibu lake. Kosa la pili hutoka ndani: mtunzi mwenyewe amekosea, kwa mfano ameita fanksheni kabla ya kuandaa data yake. Kosa la namna hii halipaswi kufunikwa kwa ujumbe wa upole. Linapaswa kuonekana haraka iwezekanavyo ili lirekebishwe.

== Mita za LUKU na tarehe 24 Novemba 2024 ==

LUKU ni kifupi cha "Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia", jina la mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Mkazi wa kata ya Manundu mjini Korogwe anaishi wilaya jirani na mitambo ya maji ya Hale, inayozalisha umeme kwa maji ya Mto Pangani tangu mwaka 1964. Hata hivyo waya ukifika nyumbani kwake hautoshi. Mita haitafungua umeme mpaka apewe tokeni, yaani namba yenye tarakimu 20, naye aibonyeze kwenye vibonyezo vya mita.

Mita nyingi za aina hii haziunganishwi na mtandao wowote. Ni kompyuta ndogo iliyo peke yake ukutani, na kila inachokijua kuhusu malipo kinatoka katika zile tarakimu 20. Kwa hiyo tokeni yenyewe lazima ibebe ulinzi wake. Kiwango cha kimataifa kinachofuatwa, ambacho asili yake ni Afrika Kusini na kinajulikana kwa kifupi STS, kimeupanga ulinzi huo hivi:

* Tarakimu 20 hubeba biti 66 za habari. Ndani yake mna kiasi cha umeme kilichonunuliwa, muhuri wa wakati, na biti 16 za kukagulia.
* Habari hizo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Tokeni ya jirani ikiingizwa kwenye mita nyingine, ikifunguliwa hutoa takataka. Biti za kukagulia hazilingani na zilizobaki, na mita huikataa. Ndivyo inavyokuwa pia mtu anapokosea tarakimu moja.
* Muhuri wa wakati huizuia tokeni isitumike mara mbili. Mita hukumbuka mihuri ya tokeni zilizoingizwa karibuni. Ikiletewa muhuri ambao tayari inao, au ulio wa zamani kuliko yote inayoikumbuka, hukataa.

Hapa ndipo tatizo lilipokuwa limejificha. Muhuri ulitengewa biti 24, nao huhesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinaweza kuandika thamani 16,777,216 tofauti na si zaidi. Ukigawanya dakika hizo kwa 1,440, yaani dakika za siku moja, unapata siku 11,650 na sehemu ya siku. Ukizihesabu kuanzia mwanzo wa mwaka 1993 unafika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu hurudi sifuri, kama kipimo cha kilometa cha gari la zamani kinavyorudi 00000 baada ya 99999.

Mita isiyojua hilo ingefanya nini? Mteja angenunua umeme kwa fedha halali, angeandika tarakimu 20 bila kukosea, nayo mita ingesoma muhuri mdogo sana, kama wa mwaka 1993, na kuamua kwamba hiyo ni tokeni ya zamani inayorudiwa. Ingeikataa. Programu ya mita isingekuwa imekosea hata kidogo kwa mujibu wa maagizo yake. Kinga dhidi ya udanganyifu ingekuwa inafanya kazi barabara, huku nyumba ikiwa gizani.

Suluhisho lilikuwa kuhamisha mwanzo wa kuhesabu kutoka mwaka 1993 hadi mwaka 2014. Lakini kuhamisha mwanzo peke yake kungefungua mlango mwingine. Mihuri ingekuwa midogo tena, na mita ingelazimika kusahau ile mikubwa ya zamani, hivyo mtu aliyetunza karatasi za tokeni za miaka iliyopita angeweza kuziingiza upya. Kwa sababu hiyo ufunguo wa siri wa kila mita ulibadilishwa wakati huohuo. Tokeni za zamani, zilizofungwa kwa ufunguo wa zamani, hazifunguki tena.

Mteja wa TANESCO aliponunua umeme wakati wa zoezi hilo alipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Makundi mawili ya kwanza yalibadili ufunguo na kumbukumbu ya mita, na la tatu lilikuwa umeme wenyewe. Ilibidi kuyaingiza yote kwa mpangilio. Kazi kama hiyo ilifanyika Kenya, Uganda, Afrika Kusini na kokote mita za kiwango hiki zinapotumika. Haikuwezekana kuifanya kutoka ofisini kwa kubonyeza mara moja, maana, kama ilivyoelezwa, mita hazina mtandao. Kila kaya ilibidi ibonyeze yenyewe.

Je, waliotunga kiwango mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizembea? Si haki kusema hivyo. Kila biti iliyoongezwa kwenye muhuri ingeongeza urefu wa namba ambayo mtu anaibonyeza kwa kidole, pengine usiku kwa mwanga wa kibatari. Walichagua karibu miaka 32, wakaandika mpaka huo waziwazi, na mpango wa kubadili mwanzo wa kuhesabu ukawekwa katika kiwango mapema. Mpaka unaojulikana na kuandikwa ni sehemu ya kujihami. Mpaka ambao hakuna anayeujua ni mtego.

== Kukagua kinachoingia ==

Kanuni ya kwanza ya kila siku ni kukagua data pale inapoingia, kabla haijatumika. Fikiria programu ndogo ya kutafuta wastani wa alama za darasa. Katika matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania mtahiniwa ambaye hakufanya mtihani huandikiwa ABS. Mwandishi wa programu asiyejihami hukwama hapo, au mbaya zaidi, huigeuza ABS kuwa sifuri na kuushusha wastani wa darasa zima. Kwa lugha ya Python kazi hiyo yaweza kuandikwa hivi:

 def wastani(alama):
     zilizopo = []
     for a in alama:
         if a == "ABS":
             continue
         a = int(a)
         if a < 0 or a > 100:
             raise ValueError("Alama nje ya 0-100: " + str(a))
         zilizopo.append(a)
     if zilizopo == []:
         return None
     return sum(zilizopo) / len(zilizopo)

Mistari mingi hapa haihusiki na kutafuta wastani. Hesabu yenyewe ni mstari wa mwisho tu. Mistari mingine inajibu maswali. Asiyekuwepo anarukwa, hahesabiwi kama aliyepata sifuri. Aliyeandikiwa 540 badala ya 54 anagunduliwa, na ujumbe unataja alama yenyewe ili mwalimu aitafute kwenye orodha. Aliyeandikiwa "4O" kwa herufi O badala ya sifuri anazuiwa na amri ya kugeuza maandishi kuwa namba. Darasa ambalo wote hawakufika halisababishi kugawanya kwa sifuri. Fanksheni hurudisha "hakuna jibu", na hilo si sawa na wastani wa sifuri.

Kuna kosa ambalo fanksheni hii haiwezi kulikamata: aliyepata 45 akiandikiwa 54. Zote mbili ni alama halali. Ukaguzi wa mipaka hauthibitishi ukweli wa data. Unathibitisha tu kwamba data inawezekana kuwa ya kweli. Kwa makosa ya namna hiyo hutumika njia nyingine, kama vile watu wawili kuingiza alama zilezile na kompyuta kulinganisha.

== Majina, namba ndefu na saa ==

Programu nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zilitungwa kwanza kwa watu wa kwingine, na mambo ambayo kwetu ni ya kila siku yanakuwa kwao "yasiyotarajiwa".

Mfano ni ritifaa, ile alama katika Chang'ombe ya Dar es Salaam, Ng'ambo ya Zanzibar au Lang'ata ya Nairobi. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, alama hiyohiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Programu inayoshona jina la mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL itasoma "Chang" kama jina kamili na kuichukulia "ombe" kama amri isiyoeleweka. Fomu itagoma. Tundu hilohilo ndilo wahalifu hulitumia kwa makusudi: badala ya "ombe" huandika amri ya kweli ya kufuta au kusoma rekodi za watu wengine. Dawa ni kutumia swali lililoandaliwa tayari lenye nafasi za kujazwa, ambapo hifadhidata hulichukua jina kama data tu hata likiwa na alama gani. Wapo wanaokimbilia kuipiga marufuku ritifaa kwenye fomu. Hilo si kujihami, ni kumnyima mtu jina lake. Zaidi ya hayo, baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('), hivyo mtu aliyesajiliwa kwa moja hatapatikana akitafutwa kwa nyingine mpaka programu izigeuze zote kuwa ya aina moja.

Namba za simu za Tanzania huandikwa kwa sifuri mbele, au kwa 255, au kwa +255. Programu inayohifadhi namba ya simu kama namba ya hesabu huila ile sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, nazo zimepita uwezo wa namba kamili ya biti 64, ambayo ukomo wake una tarakimu 19. Programu ya majedwali kama Excel huhifadhi tarakimu 15 tu kwa usahihi, na zinazofuata huzigeuza kuwa sifuri bila kusema neno. Vitambulisho vyote vya namna hii, pamoja na tokeni za LUKU, vihifadhiwe kama maandishi. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Namba ya NIDA inafaa pia kwa ukaguzi wa pili: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo zaweza kulinganishwa na tarehe iliyojazwa kwenye fomu.

Saa ni shida ya peke yake. "Saa 2" kwa msemaji wa Kiswahili ni 08:00 au 20:00, kamwe si 02:00. "Saa 7 usiku" ni 01:00, na hapo hata tarehe inakuwa na utata, kwa kuwa usiku wa Jumatatu kwa mtu mmoja ni usiku wa kuamkia Jumanne kwa mwingine. Programu ya miadi ya zahanati au ya tiketi za basi isikisie. Imwonyeshe mtumiaji ilichoelewa, kwa mfano "Jumanne, saa 2:00 asubuhi (08:00)", na imwache athibitishe.

== Malipo yanayotumwa mara mbili ==

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kutuma fedha kwa simu kumekuwa jambo la kawaida, na vivyo hivyo swali la mtandao kukatika. Mtu ametuma, jibu halijaja. Je, ombi halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa upande wa simu hali hizi mbili hazitofautiani. Mtumaji akirudia katika hali ya pili, fedha zitatoka mara mbili.

Programu inayojihami huupa kila muamala namba yake ya kumbukumbu kabla haujatumwa. Ombi linaporudiwa hubeba namba ileile, na seva ikiona kwamba imekwisha kuishughulikia hurudisha jibu la mwanzo bila kukata fedha tena. Ni wazo lilelile la mita kukumbuka mihuri. Baadhi ya watunzi hutumia njia rahisi zaidi ya kukataa miamala miwili ya kiasi kimoja kwenda kwa mtu mmoja ndani ya dakika chache. Njia hiyo ina kasoro, kwa sababu mtu ana haki ya kununua vocha mbili za bei moja.

== Kuvumilia au kusimama ==

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu nini kifanyike baada ya kosa kugunduliwa. Jon Postel, mmoja wa waliojenga intaneti, aliandika mwaka 1980 kwamba programu iwe makini katika inachotuma na mvumilivu katika inachopokea. Uvumilivu huo uliisaidia intaneti kukua, lakini ulizoesha watu kutuma data mbovu, kwa kuwa kila mara kulikuwa na mpokeaji wa kuielewa. Bertrand Meyer, aliyebuni lugha ya Eiffel katika miaka ya 1980, alichukua njia ya mkataba: kila fanksheni itangaze inachohitaji na inachoahidi, na mkataba ukivunjwa programu isimame.

Kusimama nako kuna hatari. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliangamia huko Kourou, Guyana ya Kifaransa, chini ya dakika moja baada ya kuruka mara ya kwanza. Programu ya kuiongoza ilirithiwa kutoka Ariane 4. Kasi ya mlalo ya roketi mpya ilikuwa kubwa zaidi, na namba yake ilipogeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16 haikuenea. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba kati ya namba saba zenye hatari hiyo, nne ziliwekewa kinga na tatu ziliachwa kwa makusudi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa na kazi nyingi na ilidhaniwa haziwezi kuwa kubwa kiasi hicho. Kompyuta ilisimama kama ilivyoagizwa. Ile ya akiba ilikuwa imesimama kabla yake kidogo kwa sababu ileile, maana zote mbili zilikuwa na programu moja. Akiba inayofanana kabisa na ya kwanza haikingi kosa la programu. La kusikitisha zaidi, hesabu iliyosababisha hayo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka.

Jibu hutegemea kazi. Programu ya hesabu za benki ikitilia shaka data yake ni heri isimame kuliko kuandika salio la uongo. Mashine inayompa mgonjwa hewa haiwezi kusimama tu.

== Ukosoaji ==

Kinga zikizidi huficha. Aina iliyoenea zaidi ni kukamata kila kosa na kutofanya lolote, ili programu "isianguke". Programu hiyo haianguki, lakini huhifadhi data mbovu kwa miezi mpaka mtu agundue kwamba orodha haijumlishi. Ukaguzi uleule ukirudiwa katika kila fanksheni hufanya msimbo uwe mrefu na mgumu kusoma, na sehemu za msimbo zinazoshughulikia mambo adimu mara nyingi ndizo zisizojaribiwa, hivyo huwa na makosa yake zenyewe. Ndiyo maana wengi hushauri ukaguzi mkali uwekwe mipakani, pale data inapoingia, na ndani programu iendelee kwa kuamini kilichokwisha kukaguliwa.

== Tarehe zinazojulikana ==

Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32 yenye alama itafikia ukomo wake, 2,147,483,647, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Kompyuta na simu nyingi za sasa hutumia biti 64 na hazitaguswa, lakini vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine vinaweza kuguswa. Mita za umeme zilizohamishiwa mwanzo wa mwaka 2014 zitajaza tena biti zao 24 tarehe 24 Novemba 2045, na kiwango tayari kimetenga mwaka 2035 kuwa mwanzo unaofuata wa kuhesabu.